Mabati ya Madrasa ya Mzenga

Zegereni, Kibaha,
14 Mei 2025.

Mpendwa Kaka Zaidi,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Ashura na watoto mnaendelea vizuri na baridi ya Tunduma. Huku afya tunazo. Goti la mama bado linamsumbua, lakini hajaacha kulima mihogo yake.

Nimekuandikia barua na kuituma kwa basi kwa sababu simu yangu katika nyumba hii kila mtu anaishika.

Kazi yangu kiwandani ni ileile ya kupima. Foili ya kufungia chakula ni nyembamba mno, hivyo napanga karatasi kumi, napima unene kwa maikromita, kisha nagawa kwa kumi. Bati la alumini la rangi halipimwi hivyo, maana rangi nayo ina unene. Nakata kipande cha sentimita kumi kwa kumi, nakwangua rangi, naweka kwenye mizani. Bati la milimita 0.45 linatakiwa kutoa gramu kumi na mbili.

Tarehe 6 nilipima mabati ya madrasa ya kwetu Mzenga. Gramu 9.7. Nilirudia mara tatu, nikaandika katika shajara yangu.

Nilimwonyesha msimamizi, shemeji Hashiru. Akacheka. "Shemeji, likishapigiliwa juu, nani atapanda na mizani? Saini kwamba ni 0.45." Unajua tunakaa uani kwake, na kazi ya mume wangu Ally yeye ndiye aliyeitafuta. Mizigo mitatu ya watu nisiowajua nimeshasaini hivyo.

Juzi Baba Mkubwa Jumbe, anayesimamia ujenzi wa madrasa, kanipigia, simu iko kwenye spika, Hashiru anakunywa chai pembeni. "Wa kijiji cha Masaki wakanunue mjini, sisi tuna mtoto wetu anayepima." Nikajibu, "Ndiyo, Baba."

Mzigo unaondoka Jumamosi. Nisiposaini, Hashiru atajua ni kwa sababu ni madrasa ya kwetu, na uani kwake hatutakaa tena.

Kaka, mpigie Baba Mkubwa. Achukue mizani ya ghala la korosho, apime mabati kumi ya mita tatu mbele ya dereva. Yote kumi yakiwa chini ya kilo thelathini na sita, asipokee. Usinitaje. Akikuuliza umejuaje, sijui utamjibu nini, maana anayepima hapa ni mimi peke yangu.

Nisalimie wifi, na Yasmin mwambie shangazi anamkumbuka. Mungu awalinde huko mliko.

Mdogo wako akupendaye,
Fadhila