Mkeka Uliokuja Bila Barua

Shule ya Maandalizi ya Bethania,
Vava'u.
13 Februari 1994

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila mikono imejaa malengelenge. Uliniambia nakuja huku kusoma, Bibi. Hukuniambia kuna shamba la viazi vikuu linaloweza kumeza kijiji chetu chote cha Kolonga na kanisa lake. Asubuhi kengele, sala, kung'oa majani, ndipo hesabu. Mwalimu Mkuu, Mama 'Ungatea, anasema mtihani wa sekondari haumtaki mtu mwenye mgongo mgumu. Wangu umelainika mpaka umesahau kunyooka.

Jirani yangu wa kitanda ni Toakase, wa hapa hapa kisiwani Vava'u. Siku ya kwanza nilikataa gimbi lililoungua, basi akaniita Bi Mkubwa wa Tongatapu, eti sisi wa kisiwa kikubwa tunaringa. Juzi lililoungua likamwangukia yeye. Nikamwambia, "Karibu, mwenyeji, kula." Tangu hapo ni marafiki.

Mama ametuma sandali kutoka Auckland. Zingemtosha mtoto wa miaka minane. Alipoondoka nilikuwa na minane, kwa hiyo simlaumu, ndipo aliponiacha. Nimempa mdogo wake Toakase. Na usiniambie nimwandikie. Alisema anarudi Krismasi, zimepita tatu, na sasa ana mume mwingine na mtoto mwingine. Huyo mtoto ndiye amwandikie.

Mjukuu wako,
Kalolaine

*

Kolonga,
6 Machi 1994

Mjukuu wangu Kalolaine,

Marahaba, mama. Nafurahi u mzima. Goti linauma kila mvua ikikaribia, na majirani siku hizi hawasikilizi redio, wanakuja kuniuliza mimi.

Huyo mdogo wako Feleti ana miezi mitano, ataandikaje? Kwa mate? Kaa chini unisikilize. Mama yako anafua na kulisha wazee wa watu kutwa nzima ili wewe usome hapo. Kila wiki anapiga simu nyumbani kwa mchungaji, na kabla hata hajanisalimu anauliza, "Kalo kasemaje?" Nami namjibu, "Anakusalimu sana." Mjane wa shemasi mimi, nasema uongo nimekalia kiti cha mchungaji. Mstari mmoja tu, mwanangu. Niokoe.

Bibi yako,
Telesia

*

Bethania,
10 Aprili 1994

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mvua. Huku tu wazima, ila nguruwe wa Mama 'Ungatea alivunja uzio akala daftari tatu za Darasa la Sita. Toakase kasema sasa nguruwe huyo ndiye atakayefaulu mtihani.

Sikukuu ya Watoto ni tarehe mosi Mei. Tunaigiza mwana mpotevu. Nimepewa kaka mkubwa, yule anayenuna mlangoni na kukataa kuingia kwenye karamu. Mama 'Ungatea alisema, "Wewe huhitaji mazoezi." Darasa zima likacheka, nami nikacheka, lakini iliniuma.

Nahitaji gauni jeupe na mkeka wa kujifunga kiunoni. Uwe mzuri, Bibi, wenzangu wananunuliwa mipya kabisa.

Kuhusu lile jambo lingine, hapana. Nikikaa na kalamu mkono unakuwa mzito.

Mjukuu wako,
Kalolaine

*

Kolonga,
20 Aprili 1994

Mjukuu wangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Gauni linashonwa. Mkeka niachie mimi.

Kuna jambo. Mama yako anapasuliwa tumbo Jumatatu, tarehe ishirini na tano. Ni uvimbe. Anasema si kitu, lakini namjua Losaline, hata nyumba ikiungua atasema ni moshi wa jikoni. Mwombee. Na kama mkono bado mzito, uinue hivyo hivyo umwandikie.

Bibi yako,
Telesia

*

Bethania,
2 Mei 1994

Bibi yangu,

Pole. Pole sana, Bibi. Sijui nikusalimu vipi leo.

Mzigo ulifika na meli Jumamosi jioni. Nilitafuta barua ndani ya gauni, kwenye mikono yake, kwenye pindo, sikuiona. Kulikuwa na gauni na ule mkeka tu. Nikaukunjua. Mkubwa, unafika karibu na vifundo vya miguu, umechakaa, pembeni umekuwa nyuzi. Toakase alikuwa anakula ndizi, akaiweka chini. Kila mtu anajua mkeka mkubwa uliochakaa hufungwa na mfiwa, na kwa ajili ya nani.

Mlezi wetu wa bweni, Mama Fusipala, akaja, akautazama, akanikalisha, akaanza kunifumua nywele kama mfiwa. Akaniuliza, "Ni mama?" Nikasema, "Alipasuliwa Jumatatu." Akasema, "Basi lia, mtoto." Nikalia.

Jana Jumapili, hakuna duka wala simu, kila kitu kimefungwa. Mama 'Ungatea alisema naweza kupumzika, mwingine atasoma maneno yangu. Nikakataa. Nilitembea hadi kanisani na ule mkeka mkubwa, nywele zimetimka, na njia nzima watu walikuwa wanavua kofia.

Ilipofika zamu yangu, yule anayeigiza baba akanijia mlangoni akasema, "Mwanangu, ingia." Nilitakiwa kusema, "Siingii!" mara tatu kwa hasira. Bibi, sikuweza. Nikaingia tu. Nikaenda nikakaa mezani karibu na mpotevu nikamshika mkono. Kanisa zima likaanza kulia, hata wale wa kwaya ya wanaume.

Nilikuwa nawaza hivi. Mara ya mwisho alipokuuliza habari zangu, ulimwambia namsalimu? Natumaini ulidanganya vizuri. Natumaini aliamini.

Meli inaondoka asubuhi hii. Usijiumize goti kwa kukaa chini na waombolezaji.

Mjukuu wako,
Kalolaine

*

Kolonga,
9 Mei 1994

Kalolaine, mjukuu wangu, roho yangu,

Telegramu yangu ya Alhamisi umeshaipata: MAMA MZIMA HAJAFA. Karani wa posta aliniuliza kama nina hakika. Narudia kwa mkono wangu. Mama yako yu hai. Alipasuliwa, wakatoa uvimbe, sasa yuko kitandani anawalalamikia wauguzi kuhusu supu. Umemzika binti yangu bila hata kunialika, na Vava'u nzima imemlilia mtu anayedai chumvi.

Kosa ni langu. Meli ilishapiga honi, mjomba wake Toakase, aliyekuwa anasafiri nayo, akaninyang'anya mzigo akakimbia nao, barua ikabaki mkononi mwangu. Nikasema si neno, mtoto ataelewa. Mkeka ule aliusuka mama wa bibi yangu. Umechakaa kwa sababu ni mzee, na kwa sababu ni mzee ndiyo maana hautoki sandukuni isipokuwa siku kubwa. Mimi niliolewa nao. Nilitaka uwapite wenzako wote wenye mikeka mipya. Sikufikiri kabisa kwamba ungeufungua peke yako, bila kujua mama yako ametokaje kwenye kisu.

Nisamehe. Nilipoisoma barua yako nilikaa chini kwenye ngazi, na goti halikunikumbuka. Swali lako nakujibu: nilidanganya vizuri. Nilimwambia umemsalimu na unamwombea. Akasema, "Mama, unadanganya, lakini asante."

Simwambii lolote kuhusu hayo mazishi. Kama kuna wa kumwambia ni wewe. Anwani ya hospitali iko nyuma ya karatasi hii. Sikusihi tena, nimechoka kusihi.

Bibi yako,
Telesia

*

Bethania,
15 Mei 1994

Mama,

Shikamoo. U mzima? Naomba unijibu kweli, usiseme si kitu. Jeraha linauma? Unakula? Unaweza kucheka bila kushika tumbo?

Hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana. Tarehe mosi nilidhani umekufa, kwa sababu ya mkeka, Bibi atakueleza, ni mambo marefu. Nilikulilia mbele ya watu mpaka kamasi. Usiku, asubuhi na kanisani nilikuwa na mengi ya kukwambia, nikamwambia Mungu akikurudisha hata kwa dakika tano nitayasema yote. Telegramu ikafika. Nilikimbia nayo shamba zima nikipiga kelele, mguu ukaingia kwenye shimo la kiazi. Halafu nikaketi kuandika, na yale yote yamekimbia. Kwa maiti ilikuwa rahisi.

Yamebaki mawili tu. La kwanza, bado nimekukasirikia, sana, na sijui hasira hii itaisha lini.

La pili, usife.

Mwanao,
Kalolaine