Gari la Kwenye Picha ya Damas

Mikumi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na baba naye shikamoo, ingawa leo nina neno naye. Mimi sijambo, kazi ya zahanati inaendelea. Vipi mguu wako, unakanyagia sasa?

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama. Ati baba amekata migomba ya mbele ya nyumba ili gari la Damas lipate njia? Na shangazi ameahidiwa kupelekwa nalo hospitali akatazamwe macho? Mama, Damas hana gari. Ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji cha ujamaa, atalitoa wapi? Ana baiskeli, nayo mnyororo haukai.

Gari la Kimarekani mliloliona kwenye picha aliyoleta mjomba wake siku ya posa, mimi naliona kila asubuhi. Liko kwenye gereji inayotazamana na zahanati. Lilimharibikia mfanyabiashara mmoja akielekea Iringa, akaliacha, hajarudi. Injini wameshaitoa. Kuku wanatagia kiti cha nyuma. Jumamosi mpiga picha huja kutoka Kilosa, akalifuta vumbi upande mmoja tu, na vijana wakapanga foleni kuliegemea, wamevaa miwani ya kuazima.

Nilimfuata Damas shuleni, watoto wakiwa wameshatoka.

"Kwa nini ulimpelekea baba picha ile?"

"Ndiyo niliyotoka vizuri," akasema. "Wala sikusema gari ni langu."

"Ulisema si lako?"

Akaanza kufuta ubao, na ubao ulikuwa safi.

Kinachoniudhi zaidi, Mama, ni kwamba nilikuwa nimeshamkubali moyoni. Nilipolala na malaria ni yeye aliyenikorogea uji, akakaa mlangoni mpaka nikaumaliza. Hakuhitaji gari. Sasa nikimkataa, ukoo mzima utasema nimechezea bahati. Nikimkubali, siku ya harusi baba atasimama barabarani anasubiri honi.

Nikamwambia aende nyumbani akamweleze baba mwenyewe.

"Nitamwandikia," akasema.

"Hapana. Hili utalisema kwa mdomo wako."

Akakung'uta chaki mikononi. Kisha akauliza basi la Songea linapita Mikumi saa ngapi.

Nisalimie shangazi, umwambie pole kwa macho, nitamtafutia dawa mimi. Nisalimie kaka na mkewe, na bibi aliyenilea umshikie miguu kwa niaba yangu.

Mama, aliyekukabidhi barua hii ndiye Damas. Hajui nilichoandika. Mpe maji aoge, ale ashibe, maana safari ni ndefu. Ndipo umwite baba, nawe ukae karibu usikie. Akisema kweli mwenyewe, bila kuulizwa, mwambie Oliva amekubali. Akianza kuzungukazunguka, mrudishie picha yake, asubuhi umsindikize kwenye basi.

Mwanao anayekuwaza,
Oliva