Mfuko wa Majid bin Khalifa

Ibra, Oman, 12 Novemba 2006

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai mgongo umekuachia upumzike. Mimi mzima, ila mbavu.

Ammi Khalaf kanipiga tena. Nilimwambia sasa mimi mtu mzima, twende kwa Shehe Mahrous, mkuu wa kabila, ashuhudie kuwa mimi mtoto wa ndugu yake, nipate bataka. Bila kitambulisho hicho siajiriwi popote. Akachukua bakora. "Nilikuokota Burundi, shukuru unakula!" Ilipokatika, akamwagiza mwanawe Yaarub alete nyingine. Anaogopa nikiandikwa mtoto wa Majid, fungu la baba katika shamba la mitende litakuwa langu.

Juzi polisi walisaka wasio na karatasi, nikalala ndani ya mfereji, maji yananifika puani. Nimeletwa hapa nina miaka minne, mama. Wakinikamata watanirudisha wapi?

Mwanao,
Ghaith

Kigoma, 6 Desemba 2006

Mwanangu Ghaith,

Marahaba, kipenzi. Mgongo upo, nazeeka nao. Barua yako ilinifanya nirushe sufuria ukutani, majirani wakadhani nimevamiwa.

Sijapata kukwambia yote. Siku ile Bujumbura walimkata baba yako mapanga mlangoni, nami nimekuficha nyuma ya magunia ya mchele, nimekuziba mdomo kwa kiganja. Damu ilipita chini ya mlango ikafika kwenye kanga yangu. Khalaf alikuja kumzika. Pale kaburini aliweka mkono juu ya Msahafu akasema, "Huyu mwanangu." Mimi sikuwa na karatasi za kupandia ndege, ndiyo maana nikakukabidhi kwake.

Usimwombe tena. Baba yako alinihadithia kuwa siku ya Idi wanaume wa ukoo wenu huzika nyama katika shimo moja la moto iive, kila mmoja mfuko wake na alama yake, na asiye wa ukoo hatii. Basi wewe tia, uweke jina la baba yako. Shimo likifunuliwa shehe yupo na watu wote wapo. Khalaf atasema nini?

Mama yako,
Asya

Nizwa, 9 Januari 2007

Mama,

Shikamoo. Afya usiniulize. Niko hospitali, naandika kwa jicho moja. La kushoto wamelitoa.

Nilitia mfuko wangu, nikaufungia kipande cha bati nilichochora kwa msumari. Shimo lilipofunuliwa Shehe akasoma: "Majid bin Khalifa? Si marehemu huyu?" Nikasema, "Mimi mwanawe." Yaarub akauvuta mfuko kwa kulabu akawatupia mbwa. Nyama yenye jina la baba, mama! Nilimrukia, nikampiga ngumi mpaka jino lake likanasa kwenye mkono wangu. Akaokota koleo la makaa. Nakumbuka joto lake tu.

Polisi walipofika ammi akasema, "Kibarua wa shambani. Simjui kwao." Wanaume wote walinyamaza, nami navuja damu miguuni mwao.

Sasa Shehe kamweleza ammi. Nikiwa mgeni, mimi narudishwa na Yaarub anafungwa. Nikiwa mtoto wa ndugu, wenyewe tutapatana na kesi itapungua uzito. Jana ammi alikuja kitandani analia. Anasema atashuhudia, mradi nimsamehe Yaarub. Nilitaka kumkaba koo. Nifanyeje?

Mwanao,
Ghaith

Kigoma, 30 Januari 2007

Mwanangu,

Pole, pole, baba. Nalia mpaka sioni karatasi. Aseme yeye kwanza, mbele ya wote walionyamaza, ndipo umpe Yaarub mkono. Mkono tu. Moyo wako hakuna wa kuupekua. Khalaf mimi namngoja Kiyama.

Mama yako

Ibra, 14 Mei 2007

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, kidonda kimefunga.

Ammi alisimama barazani mbele ya wote, akanong'ona. Shehe akamwamuru arudie. "Huyu ni Ghaith, mtoto wa ndugu yangu Majid." Yaarub akanipa mkono. Niliubana mpaka akapiga magoti, mifupa naisikia, na hakuna aliyethubutu kunizuia. Kisha nikamwachia. Sijamsamehe.

Bataka imetoka, na pasipoti leo asubuhi. Nakuja mwezi ujao. Pale uwanja wa ndege usimtafute yule mtoto uliyempandisha. Tafuta mwanamume aliyefunga kitambaa jichoni, na ukimwona, nakuomba mama, usipige kelele. Anayekuja ni mwanao.

Ghaith bin Majid bin Khalifa