Esdras Alibeba Souris, Akaacha Clavier

Kibabi, Masisi
Tarehe 12, mwezi wa kumi, 2021

Kwa mudogo wangu Olga,
Ntoto, Walikale

Mupendwa Olga,

Jambo sana, tena jambo ya furaha. Mbele ya yote nauliza: uko muzima? Kichwa kilikuwa kinakuuma wakati wa Pasaka, kiliisha? Baridi ya pori ya Ntoto umeizoea, ao ungali unalala na koti? Huku sisi wote tuko wazima kwa neema ya Mungu. Goti la Mama linamusumbua kila mvua ikinyesha, na mvua inanyesha kila siku, basi uone mwenyewe. Lakini analima. Juzi alininyanganya jembe mukononi akisema mimi nalima kama mutu anakuna mbuzi mugongo.

Maharagi imeota vizuri. Mbuzi ya kahawia ilizaa mbili, zote majike. Huko kwenu simu haipiti, njo maana naandika. Mama Tumukunde anapanda Ntoto kuuza chumvi na sabuni, na ameshasema kama barua haiko tayari kesho asubui, anaenda bila yake. Basi uvumilie mwandiko wangu.

Sasa ukae chini. Nataka nikuambie vile nilimulipiza Esdras.

Unamukumbuka: yule wa nyumba ya kupigisha mashine pale pembeni ya soko, mwenye ordinateur na imprimante, ile ya kutoa karatasi, moja tu mu Kibabi nzima. Barua ya kuomba kazi, tangazo la kifo, karatasi ya shamba, vyote vinapita mu mikono yake. Mwaka ule Papa alikufa, nilimuomba anifundishe. Alicheka mbele ya watu wa soko, akasema mikono ya udongo itaharibu mashine yake. Miaka mbili sasa. Unafikiri nilisahau? Mimi? Wapi!

Unakumbuka pia tabia yake. Akitoka kwenda kula, anachomoa souris, kale kadude ka kusukuma na mukono juu ya meza, anaweka mufukoni mwa koti. Mashine anaiacha inawaka, mulango wazi, bila wasiwasi. Kwake souris njo ufunguo. Na Kibabi nzima inaamini hivyo, kama bila souris mashine ni jiwe. Hata Papa Straton, chef wa localité yetu, mukubwa wa kijiji, anaamini. Mimi pia niliamini, mpaka ile likizo ulikuja na laptop yako yenye ilikuwa inakataa kidole pale pa kusukumia, ukanifundisha kila kitu na touche za clavier, vile vidude vya herufi vya kufinya, peke yake. Ulipoondoka ukanichorea clavier ku carton ya sabuni. Carton ile ningali nayo. Nilikuwa naifinya-finya jikoni nikingoja maharagi iive. Mama alifikiri nimepata kichaa.

Basi, tokea Papa yetu Nzabandora atuache, Faustin, jirani yetu wa chini, alianza kusogea. Leo mistari miwili ya mihogo, kesho mitatu. Unajua ile sehemu ya chini, karibu na muto, njo inamulisha Mama hata wakati wa kiangazi. Bila ile, anabaki na kilima cha mawe. Papa Straton na wazee wa kanisa walikuja, wakatembea mupaka kwa miguu, wakakata maneno: shamba la Mama Mukagasana linashuka mpaka ku muto. Faustin akakubali kwa kinywa. Ikabaki kuandika karatasi na kuweka vidole vya wino.

Siku ya soko tukaenda wote kwa Esdras. Akapiga mashine, akasoma kwa sauti: linashuka mpaka ku muto. Wote tukaitika ndiyo. Kisha akasema groupe, ile motere ya umeme, haina essence ya kutosha kwa imprimante, anatuma watafute, sisi twende kwanza tule. Tukaenda. Faustin akabaki nyuma, eti anafunga kamba za kiatu. Olga, mutu wa mabote ya plastiki! Bote ina kamba gani? Na mimi nilipita pale, nikaona, nikaenda kula maandazi. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Tuliporudi karatasi ilikuwa imeshatoka. Esdras alikuwa amefungua wino, amemushika Mama mukono, anamuharakisha. Na unajua desturi ya huku: karatasi ikisomwa mara moja mbele ya watu, haisomwi tena. Kusoma tena ni kumutukana mwandishi. Kila mutu anaogopa kuonekana hana adabu, njo anaweka kidole. Kidole cha Mama kilikuwa hewani, kimejaa wino. Nikakikamata. Nikasoma.

Linashuka mpaka ku mikalatusi.

Mikalatusi! Katikati ya kilima! Sehemu yote ya maji imeenda kwa Faustin, na Mama angetia kidole mwenyewe.

Nikapiga kelele. Esdras hakushituka hata kidogo. "Njo ile nilisoma, dada. Mulisikia vibaya." Faustin akatikisa kichwa kama mutu anayetuhurumia. Na wazee nao wakaanza kuangaliana. Mumoja akasema pengine kweli ilikuwa mikalatusi, masikio yake hayako tena ya ujana. Nikaona shamba la Papa linaondoka hivi hivi, mbele ya macho yangu, kwa sababu ya adabu.

Papa Straton akamuambia Esdras atuonyeshe ndani ya mashine. Akajibu mashine haina maneno mengine, yeye amemaliza kazi, anaenda kunywa chai, tukishaweka vidole tumuite. Akachomoa souris, akaitia mufukoni, akapiga-piga mufuko hivi, akatoka. Mama akaanza kulia bila sauti, ule mukono wa wino ameuweka mbali ili usichafue kitambaa chake. Olga, pale roho yangu ilichemka.

Nikakaa ku kiti cha Esdras.

Wakaniambia, dada, hakuna souris. Nikasema naona. Ku écran, kile kioo cha mashine, kulikuwa muchezo wake wa karata. Nikafinya Alt na Tab: karata zikaondoka, karatasi yetu ikatokea. Watu wakasema ayii! Nikafinya Ctrl na Z. Ile Z ya clavier ya Kifaransa iko juu, pembeni ya A, vile ulichora. Kidole kilienda chenyewe. Neno mikalatusi likafutika. Nikafinya tena. Neno muto likarudi mahali pake.

"Papa Straton, soma."

Akavaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akasoma polepole: mpaka, ku, muto. Nikawaambia: mashine inakumbuka kila kitu mutu alibadilisha, inarudi nyuma hatua kwa hatua. Nikafinya Ctrl na Y mara mbili, mikalatusi ikarudi. Nikasema, huu njo mukono wa Esdras wakati sisi tunakula. Ctrl na Z mara mbili, muto. Nilifanya hivyo mara tatu. Mara moja ilitosha, najua. Mara ya pili ilikuwa ya Mama. Mara ya tatu ilikuwa yangu mimi, ya ile mikono ya udongo.

Faustin akasema anaenda kuangalia ngombe wake. Papa Straton akamuambia akae.

Sikuishia pale. Nikashika neno muto na Ctrl, Maj, ile ya herufi kubwa, na mushale, nikafinya Ctrl na G, likanenepa, jeusi, hata mutu wa kwa mulango aliliona. Ctrl na S, ikahifadhiwa. Ctrl na P, kisha Entrée, ile ya kukubali, na imprimante ikaanza kulia. Sauti hiyo Esdras aliisikia kule ku chai. Alikuja mbio, kikombe mukononi, na mukono mwingine mufukoni unatafuta. Souris ilikuwa mule mule. Akaitoa, akaiangalia, akaangalia mashine yake inatoa karatasi, akaangalia tena souris. Hata nizeeke nisahau jina langu, uso ule sitausahau. Watu walicheka mpaka wauza samaki wakaacha samaki wao wakuje kuona.

Faustin aliweka kidole wa kwanza. Esdras aliomba musamaha, na Mama akamusamehe palepale, unamujua Mama. Mimi bado. Jumapili muchungaji alihubiri juu ya kusamehe akiniangalia mimi tu. Nami nikamuangalia.

Ngoja nikuambie yenye utamu zaidi. Tokea siku ile, hakuna mutu Kibabi anatia kidole kwa Esdras mbele ya kusema: "Finya kwanza ile ya Uwamwezi." Hata koko Niyigena, muzee asiyejua herufi hata moja, anasimama na fimbo yake anangoja. Na Esdras anafinya, na kidole chake mwenyewe, kila siku ya soko, na kila mara analazimika kusikia jina langu. Nikipita pale napunguza mwendo ili nisikie vizuri.

Juma iliyopita alituma muke wake Gaëlle na kikapu cha avoka, aniulize kwa upole kama kuko touche ya kuzuia mashine isirudi nyuma. Avoka nilikula. Nikamuambia haiko.

Lakini weye na mimi tunajua, Olga. Siku ile angefunga tu karatasi ndani ya mashine na kuifungua tena, Ctrl na Z isingerudisha hata nukta. Shamba la Mama liliokolewa kwa sababu Esdras alikuwa na haraka ya kucheza karata. Kila nikiwaza hilo nacheka, kisha naacha kucheka, maana siku moja mutu atamuambia. Usiwe weye. Barua hii ukimaliza kuisoma, uichome.

Na mimi sikukaa kungoja siku ile. Kila Jumapili kisha ibada, wamama kumi na moja wanakuja kwetu, wanakaa ku mukeka. Carton yako naionyesha mwisho tu. Tunaanza na herufi. Mama njo mwanafunzi wa kwanza, na njo muchokozi kuliko wote. Jana alichukua kaa la moto lililozima, akaandika ku mulango wa jikoni: MUTO. Kisha akaniuliza mikalatusi inaandikwaje, ili akiikuta aijue.

Unisalimie sana shemeji Valens na mutoto wenu Byukusenge. Mwambie bibi yake amemuwekea mbuzi moja ndogo. Koko Niyigena anakusalimia, na dada Adelaïde wa Shasha vilevile. Mama anasema ule vizuri. Mungu akulinde kwa njia na kwa nyumba, na kama mutu anakutafutia ubaya, Mungu aongoze vidole vyako.

Na siku Esdras atajua kufunga na kufungua, tayari nimeishaiona. Atamushika Mama mukono, atamuambia karatasi imeshasomwa. Na Mama Mukagasana atakitoa kidole chake mu wino, atavuta karatasi karibu, ataisoma mwenyewe mbele yake, kwa sauti, tangu juu mpaka chini. Kisha ataanza tena.

Ni mimi yaya yako, mukubwa wako, mwenye anakupenda na mwenye hasahau,

Uwamwezi