Pete za Zohali Ulizoziona Nyaramba

Mpendwa Tata, baba yangu,

Leo nimeipangusa vumbi ile darubini uliyoiita bomba. Ulikuwa umeketi kibarazani ukibandua matope kwenye gambuti, umetoka kuchuma chai, nilipoingia nayo kutoka soko la Daraja Mbili. Nilikuwa nimeichomoa chini ya rundo la mitumba, imeviringishwa kwa sweta la mtoto. Uliizungusha mikononi mara mbili.

"Hii bomba itapitisha maji gani?"

Nikasema itapitisha nyota. Ulicheka hadi kofia ikaanguka.

Na wewe ndiye uliyenitoa kwenye aibu. Nilikaa Kisii mjini hadi nikajisahau, nikabandika matangazo ya mafunzo ya nyota, bure kwa kila mtu, kwenye uwanja wa shule hapo Nyaramba, Ijumaa jua likishatua. Binti wa mzee wa kanisa, Msabato, anaita watu Ijumaa jioni, Sabato ikiingia! Walikuja mbuzi wawili. Niliporudi nyumbani mlikuwa mmeshaikaribisha Sabato kwa wimbo, wala hukunigombeza.

"Waite kesho," ulisema. "Sabato inaisha jua likizama, na watu watakuwa wanaliangalia tu. Wewe wape kitu cha kuangalia baada ya hapo."

Kesho yake walijaa. Tuliifunga Sabato kwa wimbo pale pale nyasini. Milima ikawa bluu, ukungu ukapanda taratibu kutoka kwenye michai, na nyota zikaingia moja moja, kimya kimya, kama waumini waliochelewa ibada. Mpaka leo nikifumba macho niko pale, na umande unanilowesha miguu.

Niliwaeleza habari za Zohali, sayari yenye pete, nikailenga kwa darubini. Hakuna aliyesogea. Mtu akanong'ona kwamba mambo ya nyota ni ya waganga, na akina mama wakaanza kukunja leso zao waende. Ndipo ulipojongea wewe, ukavua kofia, ukainama. Ulikaa hapo muda mrefu.

"Naiona," ukasema kwa sauti yako ya kanisani. "Ina pete. Hii ni kazi ya Mungu."

Basi, foleni ikafika getini.

Sabato iliyofuata, wakati wa shuhuda, ulisimama. "Ndugu zangu, nimesema uongo mmoja. Mniombee." Ukaketi. Wewe, uliyewahi kurudi kituo cha chai kumwambia karani amekuandikia kilo ya ziada! Nilikutania njia nzima, ulimdanganya nani, mzee mzima?

"Nyamaza utembee," ukasema.

Sasa umelala kaburini karibu na ndizi zako, na mwezi uliopita, tukimenya matoke, Mama akaniambia. "Jicho lake la kulia lilikufa kitambo. La kushoto lilikuwa ukungu tu. Siku ile hakuona kitu. Alinikataza nikuambie."

Niliweka kisu chini. Nikakumbuka ulivyokuwa ukichuma chai kwa kupapasa, uso umeuelekeza pembeni. Nililia, Tata, na nilikasirika pia. Niliona kila foleni niliyowahi kuipanga imeanzia kwenye uongo wako. Nikaisukuma darubini chini ya kitanda, nikasema basi, nimeacha.

Jana jirani yetu, yule mama aliyekuwa wa pili kwenye foleni nyuma yako, alinisimamisha njiani. "Zile pete bado ziko?"

Nikajibu bila kufikiri, "Ziko."

Nimetembea na neno hilo tangu jana. Nimeyapima maneno yako kama ulivyokuwa ukipima majani yako. "Naiona" ulikuwa uongo, na uliutubu. "Ina pete" ni kweli tupu. Hayo ya kazi ya Mungu siwezi kukubishia. Sina hasira tena, nina hamu na wewe tu.

Jumamosi hii jua likizama tutakuwa pale nyasini tena. Kabla mtu hajainama kwenye darubini, nitamuuliza kwanza jicho lake zuri ni lipi.

Wewe sikukuuliza.

Pumzika, Tata. Ukija, simama upande wa michai, hapo giza ni zuri.

Binti yako wa kwanza,
Kemunto