Baba, Meneja Ameanguka

Baba yangu,

Ningeanza kwa salamu, lakini habari yenyewe inanitoka mdomoni. Meneja ameanguka! Yule roboti wa mwisho kwenye gemu yetu ya mapigano, yule aliyekutoa jasho miaka yote ile sebuleni kwetu Naguru, nimemwona kwa macho yangu akipiga magoti, moshi ukimfuka shingoni, kisha chali. Ungekuwepo ungeruka ukagonga dari. Na si mimi niliyemwangusha. Nitakwambia ni nani, ila acha nikupeleke polepole, maana ukisikia kwa mara moja hutaamini.

Tulipokuzika kule Bungoma, wajomba walitaka Mama abaki hukohuko nyumbani. Akakataa, akasema nyumba yake iko Kampala. Basi tukapanda basi tukarudi, na mimi nikahamia kwake nisimwache peke yake. Lakini Mama aliyerudi hakuwa Mama tuliyemzoea. Yule mwanamke wa kuimba jikoni mpaka majirani wanajua wimbo wa kwaya wa Jumapili inayokuja, alinyamaza. Alikuwa anakaa kwenye kiti cha dirishani, leso mapajani, ananijibu "ndiyo" na "hapana" na "nimeshiba." Hakuwa ameshiba. Mama Sanyu, jirani yetu Mganda, alileta matoke, akaondoka na bakuli likiwa limejaa vilevile. Watu wa kwaya walipokuja kumwita, aliwaambia sauti imemkauka. Niliogopa, Baba. Nikiamka asubuhi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kusikiliza kama anatembea.

Jumamosi moja mchana nilikuwa mezani, nimechoka kuwaza, nikaikumbuka gemu. Labda ni kwa sababu Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu. Unaikumbuka ile kompyuta nzito, ofisi yenu ilipobadilisha mashine wakakupa ya zamani? Uliileta kutoka Nakasero kwa gari la kukodi, umeipakata kama mgonjwa. Mama akaifumia kitambaa cha kuifunika, chenye ua jekundu katikati. Zile hesabu za ofisi ulizosema utazifanyia nyumbani hatukuziona hata siku moja. Tulichoona ni diski uliyopewa na mwenzako wa kazini, na tangu hapo mimi na wewe tukawa watu wa kibodi moja: wewe kulia na vitufe vya mishale, mimi kushoto na herufi zangu, mabega yanagusana.

Majina ya Kiingereza ya wale maroboti uliyakataa. Mnene wa miguu mifupi ukamwita Kifaru, huyo akawa wako. Mwembamba mwenye mabawa, Nyigu. Mwenye visu mikononi, Kinyozi. Na yule mkubwa anayekaa juu ya kiti chake akiwatazama wengine wakiumizana, halafu anashuka mwishoni kabisa akiwa hajachoka, huyo ukamwita Meneja. Mama alicheka mpaka akaweka sufuria chini, kwa sababu alimjua meneja wako.

Basi nikaitafuta kwenye mtandao. Baba, ipo! Kuna watu wazima wenye mvi, dunia nzima, bado wanaicheza. Wanaeleza jinsi ya kuifanya kompyuta ya leo ijifanye ya zamani ili gemu ikubali kufunguka. Na wanapeana mbinu, kurasa kwa kurasa. Nilisoma nikigonga meza kwa hasira. Wengi wanasema anayeanza amchukue Nyigu, eti ana kasi. Nyigu! Roboti anayeanguka kwa teke moja! Nikawaandikia palepale: anayeanza amchukue Kifaru, asirukeruke, ainame apige miguu, maana wengi wanalinda kichwa na kusahau magoti. Ukishinda ukapewa vipuri, imarisha miguu kwanza, mikono itafuata. Usirushe moto mfululizo, kwa sababu roboti akipata joto anakuwa mzito. Ngoja bomba la mgongoni liache kufuka. Kinyozi naye usimfuate. Mwache akate hewa, visu vikinyooka mbele anachelewa kuvirudisha, na hapo ndipo unapoingia. Yote hayo ni maneno yako. Mmoja akanijibu kwamba ameicheza tangu utotoni na hiyo ya Kinyozi hakuijua. Nikageuka nikuite uje usome. Nikageuka kabisa, Baba, mdomo wazi.

Mbinu yako moja sikuwapa. Ile ya kushika vitufe vyako vyote kwa pamoja mpaka kibodi inalia piii, na vyangu vinagoma. Miaka mingi niliamini roboti wangu ana ugonjwa. "Pole, mama, ni bahati mbaya tu," ulikuwa unaniambia, uso mkavu, kidole bado kiko kwenye kitufe. Na ile sheria yako ya umeme! Ukikatika katikati ya pambano, anayeongoza ndiye mshindi. Ajabu ni kwamba sheria hiyo uliikumbuka siku unazoongoza wewe.

Gemu ikafunguka. Ule muziki wa mwanzo, kama mtu anapiga bati kwa kijiko, ulijaa sebule nzima kwa sababu nilikuwa sijapunguza sauti. Nikasikia kiti cha dirishani kikisogea. Mama akaja akasimama nyuma yangu. Nikakimbilia kuzima, nikidhani nimemtonesha.

"Acha," akasema. Kisha kwa sauti ndogo, "Wake alikuwa yupi?"

Nikamwonyesha Kifaru. Akavuta kiti, akakaa upande wa kulia. Upande wako.

Kwanza alitazama tu. Nikamtoa mpinzani wa kwanza, wa pili akanitoa mimi. Mama akasema, "Baba yako asingeruka pale."

Nilishtuka! Kumbe miaka yote ile, akiwa jikoni anatufokea kwamba maroboti yatatumaliza akili, alikuwa anasikiliza kila neno.

"Nipe," akasema.

Kuna kitu nilikuwa nimekisahau, na nadhani hata wewe: kabla hujamwoa, Mama alikuwa mpiga chapa. Vidole vyake havihitaji macho. Lakini nisikudanganye, mwanzoni alikuwa ovyo. Alipigwa na kila mtu. Alipigwa na Nyigu! Kifaru wake alitembea kinyumenyume mpaka ukutani, akaanza kupigana na ukuta. Mama akakasirika, akamwita roboti mjinga, akaniita mimi mwalimu mbaya. Nami nilifurahi mno kumwona akikasirika. Jioni ile alikula, akaongeza mchuzi, kisha akasema kama anayezungumza na sahani, "Yule wa visu kesho atanitambua."

Kesho yake tulitoka kanisani, hata nguo hakubadilisha. Kinyozi akamtambua.

Tangu siku hiyo nyumba ikageuka. Nikirudi kazini namkuta mezani, miwani puani, anaongea na mashine. Ananisimulia mapigano ya mchana kama mtu anayetoka shambani na habari. Akawa anawatoa wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa Meneja. Hapo akakwama, kama sisi tulivyokwama. Unakumbuka anavyoinua mikono miwili na kumwaga umeme sakafuni? Wewe na mimi tulikuwa tunakimbilia pembeni, na pembeni ndiko alikotuulia kila siku.

Mama naye alikimbia, akafa. Akakimbia tena, akafa tena. Siku moja akavua miwani akanitazama. "Nekesa, hivi kwa nini tunamkimbia?"

"Si kwa sababu anapiga umeme?"

"Ndiyo, lakini unapita wapi? Hebu tazama chini."

Tukatazama pamoja, pua zikikaribia kugusa skrini. Baba, umeme unaanzia mbele yake kidogo! Pale miguuni pake pamebaki nafasi, na Kifaru, kwa ufupi wake, anaenea. Halafu Meneja akishamwaga umeme anashusha mikono, anabaki amezubaa. Tulipaswa kumwendea! Miaka yote ile tulikuwa tunakimbilia kwenye kifo chetu, na usalama uko chini ya magoti yake.

Kujua ni kitu kimoja, vidole ni kitu kingine. Alijaribu akachelewa, akajaribu akawahi mno. Jumamosi iliyopita mchana mvua ilikuwa inapiga mabati, mimi nachambua mchele, yeye yuko ndani ya pambano. Umeme ukakatika. Umeme wenyewe, wa mtaa mzima. Kompyuta yangu ina betri iliyochoka, na alama nyekundu ikaanza kuwaka pembeni.

"Mama, itazimika!"

"Nyamaza, anainua mikono."

Nikatupa ungo. Kifaru akakimbia mbele, si nyuma, akainama, akapotea chini ya yule bwana mkubwa. Umeme ukapita. Mikono ikashuka. Mama akapiga goti la kushoto, la kulia, la kushoto tena, vidole vikilia takatakataka kama mvua ya juu. Mimi napiga mayowe, sijui nasema nini. Na Meneja, Baba, Meneja akayumba. Akapiga magoti. Akaenda chali!

Mama akaruka kutoka kwenye kiti. Akapiga vigelegele ambavyo sikuwa nimevisikia tangu siku niliyohitimu chuo, akageukia mlango wa chumbani, akaita kwa nguvu zote, "Baba Nekesa! Baba Nekesa, ameanguka!"

Akasimama hapo, anautazama mlango.

Kabla sijajua la kufanya, Mama Sanyu akaingia mbio, amelowa, nguo imemshika mwilini. "Nyabo! Mimi nasikia kerere! Nani amekufa tena?"

"Meneja!" Mama akamjibu. "Meneja amekufa!"

Mama Sanyu akashika kichwa kwa huruma. "Bambi! Alikuwa mgonjwa?"

Tulicheka, Baba. Tulicheka mpaka tukakaa sakafuni, Mama Sanyu akicheka pia bila kujua kwa nini. Na katikati ya kicheko Mama akaanza kulia. Si kile kilio kikavu cha Bungoma, cha watu kumshika mikono huku na huku. Alilia kwa raha yake, kichwa begani kwangu, mpaka akamaliza. Kisha akajifuta kwa leso na kuuliza, "Ile mashine inataka nini?"

Ilikuwa inauliza jina la mshindi. Alama nyekundu bado inawaka. Nikadhani ataandika jina lako, nikajiandaa kulia mimi. Akaandika jina lake mwenyewe, ANNA. Akaliangalia, akasema, "Yeye hakumpiga. Nimempiga mimi." Skrini ikawa nyeusi.

Sasa anaimba, Baba. Jumapili alirudi kwaya, na asubuhi hii majirani wote wanaujua wimbo. Bado kuna siku anakaa dirishani kimya, nami namwacha akae. Lakini akishakaa huwa anainuka.

Lala salama, Baba yangu. Nakukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika. Nakuahidi nitakaa na Mama, na sitamwachia ushindi hata mmoja kwa kumwonea huruma, kwa sababu yeye hahitaji kuhurumiwa. Krismasi tunakuja wote Bungoma kusafisha kaburi lako. Ataleta kiti chake, akae karibu na wewe akusimulie mwenyewe, teke kwa teke. Tafadhali jifanye hujasikia.

Binti yako,
Nekesa