Hendeli na Pistoni za Shemeji

Hell-Ville, Jumanne

Zimefika, pistoni mpya na kamshafti, ule mhimili unaofungua vali za injini. Shemeji amezituma kwa boti kutoka Mahajanga, na barua juu yake: "Zifunge tu, gari litaruka."

Ninazitamani, sikatai. Vichwa vyake vimeinuka, zitabana hewa na petroli kuliko za zamani. Lakini petroli yetu ya mapipa ni dhaifu, injini itagonga. Na kamshafti ile inataka mbio, wakati gari letu linatambaa tu kwenye mashimo ya barabara ya Dzamandzar.

Hayo ningeyavumilia. Kinachonitisha ni hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini iwake. Betri imekufa, na mpya sijui italetwa lini. Nikiwa zamu kiwandani, mke wangu Zaliha huliwasha gari kwa mkono mwenyewe akiitwa kuzalisha. Injini ikibana zaidi, hendeli ikirudi nyuma kwa kishindo inavunja mkono. Mkunga bila mkono…

Nilimweleza. Akacheka. "Baba Saidi, wewe zifunge. Wenye uchungu hawangoji gari bovu."

Mchana nililiwasha mimi, hendeli ikanirudi. Haya nayaandika kwa mkono wa kushoto.

Na mle ndani ya injini bado mna pistoni za zamani.